Dakika 25 kwa Siku: Jinsi ya Kuanza Kujifunza Kuprogramu Bila Kuachia Njiani

Maswali yanayonijia ni yale yale. Nianze na lugha ipi? Kompyuta yangu ya zamani itatosha? Hesabu zilinipiga chenga shuleni, nitaweza kweli? Halafu kuna lile ambalo watu huuliza kwa sauti ya chini: mbona nimeanza mara tatu, na kila mara nimeishia wiki ya pili? Nimechoka kumjibu kila mtu peke yake, kwa hiyo majibu yote nayaweka hapa.

Hata mimi niliachia njiani, tena mara mbili. Mara ya kwanza nilitumia Jumamosi nzima kutazama video za mafunzo, saa sita mfululizo, nikalala nikijiona fundi. Wiki iliyofuata nilifungua ukurasa mtupu nikashindwa kuandika hata mstari mmoja, kwa sababu siku ile nilikuwa nimemtazama mtu mwingine akifanya kazi yake. Nilipoanza upya mara ya tatu nilibadili kitu kimoja tu: kila siku niliandika kwa mkono wangu kitu kidogo kinachofanya kazi, hata kikiwa na mistari minne. Mwongozo huu umesimama juu ya hilo.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kompyuta yoyote inayowaka na kufungua kivinjari bila kuganda. Programu za anayeanza ni nyepesi mno, kwa hiyo umri wa mashine usikutishe. Kama huna kompyuta, simu ya Android yenye Pydroid 3 (programu ya kuandikia Python, lugha ya kuprogramu tutakayoitumia) inatosha kuanzia, na ukishaisakinisha inafanya kazi hata bila intaneti. Kuandika kwa vidole gumba kunachosha, lakini kunawezekana.
- Thonny. Hii ni programu ya bure ya kuandikia Python, iliyotengenezwa kwa ajili ya wanaoanza. Inakuja na Python ndani yake, kwa hiyo unasakinisha kitu kimoja na kazi imekwisha. Ipo ya Windows, ya Mac na ya Linux.
- Folda moja tu. Iite `mazoezi`, uiweke mahali utakapoiona kila unapowasha kompyuta.
- Daftari la karatasi na kalamu.
- Kengele ya kuhesabu dakika. Ya kwenye simu inatosha, mradi simu yenyewe uilaze kifudifudi.

Usichohitaji: kozi ya kulipia, skrini mbili, wala hesabu za juu. Ukiweza kujumlisha, kutoa na kulinganisha namba mbili, umejitosheleza kwa miezi ya mwanzo. Kiingereza cha kuhutubia pia hakihitajiki. Python ina maneno yake maalumu 35 tu, na mwezi wa kwanza utatumia kama kumi. Ukiacha majina yaliyomo tayari, kama `print` na `input`, mengine unayabuni wewe, na hakuna anayekuzuia kuyabuni kwa Kiswahili.

(Wengine husema "kuandika kodi". Mimi nitasema msimbo, yaani maagizo tunayoiandikia kompyuta, asije mtu akadhani tunazungumzia ile inayokusanywa na serikali.)

1. Chagua lugha leo, kisha funga mjadala

Chagua Python. Inasomeka kirahisi, makosa yake yanaeleweka, na haina mapambo mengi ya kuandika kabla kitu hakijatokea kwenye skrini. Guido van Rossum aliitoa mara ya kwanza mwaka 1991 na bado inatumika kila mahali, kwa hiyo usiogope kwamba itapitwa na wakati ukiwa katikati ya somo. Kama unachotamani hasa ni kurasa za wavuti, JavaScript nayo ni chaguo zuri, na hatua zilizobaki hapa hazibadiliki.

Onyo: ukishachagua, usisome tena makala za "lugha bora mwaka huu" kwa muda wa miezi mitatu. Nimeona watu wakilinganisha lugha kwa nusu mwaka, na mwisho wake hawajui hata moja.

Onyo la pili: ukikuta somo linaloandika `print "Habari"` bila mabano, lifunge. Hiyo ni Python 2, ambayo waliokuwa wakiitunza waliacha kuitunza mwaka 2020. Mfano wake wa kwanza tu utagoma kwenye kompyuta yako, na utadhani kosa ni lako.

2. Sakinisha siku moja kabla

Kusakinisha kuna vurugu zake, na vurugu hizo zikiangukia siku yako ya kwanza zitakumaliza hamu. Zitengee jioni yake. Pakua Thonny kwenye tovuti yake rasmi, isakinishe, ifungue, andika mstari huu:

```
print("Habari")
```

Hifadhi faili kwa jina `siku00.py` ndani ya folda ya `mazoezi`, kisha bonyeza F5, kitufe cha kuiendesha programu. Neno Habari likitokea chini, funga kompyuta ukalale. Siku hii haihesabiki.

3. Fungia muda kwenye jambo unalolifanya tayari

"Nitajifunza nikipata nafasi" ni sawa na kusema hutajifunza, maana nafasi haiji yenyewe. Badala ya kuchagua saa, chagua tukio: nikishaoga asubuhi, nikishaweka mkoba chini nikirudi kazini, watoto wakishalala. Saa husogezwa na foleni, wageni na umeme, lakini kuoga utaoga tu.

Andika sentensi moja daftarini: "Nikishafanya hili, nafungua folda ya mazoezi." Sikuandika "nasoma programu", angalia vizuri. Kazi yako ya kwanza ni kufungua folda, basi. Siku nyingi ukishafungua utaendelea, na siku ambayo huendelei angalau mguu umefika mlangoni.

Muda ni dakika 25. Wiki ya kwanza utaona ni kidogo na utataka kukaa saa mbili. Jizuie. Anayekaa saa mbili Jumatatu ndiye anayesema amechoka Alhamisi.

4. Kikao cha kwanza, mstari kwa mstari

Hapa nitakwenda polepole, kwa sababu kikao hiki ukikielewa, vingine vyote ni ndugu zake.

Fungua faili jipya, liite `siku01.py`. Andika mistari hii kwa mkono wako. Usinakili na kubandika.

```
jina = input("Unaitwa nani? ")
umri = input("Una miaka mingapi? ")
print("Karibu", jina)
print("Mwakani utakuwa na miaka", umri + 1)
```

Bonyeza F5. Itakuuliza jina, jibu. Itakuuliza umri, andika mathalani 30. Itakukaribisha vizuri kabisa, halafu itakutolea maandishi mekundu yanayoishia hivi:

```
TypeError: can only concatenate str (not "int") to str
```

Nimekutega makusudi. Wengi wakiona wekundu huu hufunga dirisha. Wewe fanya mambo mawili. Soma mstari wa mwisho kwanza, kwa sababu jina la kosa huwa pale. Kisha panda juu kidogo utafute neno `line` na namba iliyo mbele yake. Hapa ni 4, yaani tatizo limejitokeza mstari wa nne, penye `umri + 1`.

Kinacholalamikiwa ni hiki: chochote kinachoingia kupitia `input` Python inakichukulia kuwa maandishi, hata kama umeandika 30. Kwake hiyo ni herufi 3 ikifuatiwa na herufi 0, kama vile jina la mtu. Sasa unaiambia ijumlishe maandishi na namba moja, nayo inakataa. Dawa ni kuyageuza maandishi yawe namba kwa `int`. Badili mstari wa pili uwe hivi:

```
umri = int(input("Una miaka mingapi? "))
```

F5 tena. Mwakani utakuwa na miaka 31.

Hesabu mabano mawili yanayofunga mwishoni mwa mstari ule. Kila bano lililofunguliwa lazima lifungwe. Ukisahau moja, Python inaweza hata kulalamikia mstari unaofuata, kwa kuwa inadhani sentensi yako haijaisha. Ndiyo maana ukiona kosa kwenye mstari ambao hauna kasoro, tazama ule wa juu yake.

Hapo umegusa vibadilika (`jina` na `umri` ni visanduku vyenye majina), kuingiza taarifa, kutoa taarifa, na kurekebisha kosa. Yatosha kwa siku moja.

5. Gawa dakika zako 25

Tano za mwanzo: andika upya programu ya jana bila kuiangalia. Utasahau. Kusahau huko ndiko kunakokulazimisha kukumbuka, na kukumbuka ndiko kujifunza kwenyewe. Ukikwama kabisa, chungulia mstari mmoja, funika, endelea.

Kumi na tano zinazofuata: kitu kipya kimoja, nasisitiza kimoja. Soma maelezo yake mafupi, andika mfano, uendeshe, kisha ubadilishe uwe wako. Kama mfano unahesabu mstatili, wewe hesabu siku zilizobaki hadi mwisho wa mwezi. Ukiutumia mfano kama ulivyoletwa, hujauthibitisha.

Tano za mwisho ni za kuvunja na kuandika kumbukumbu, hatua mbili zinazofuata.

Onyo kuhusu video: kama lazima utazame, weka sheria ya kusimamisha kila baada ya dakika mbili uandike ulichoona. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba chenye tundu hakijai, na tundu lenyewe ni kutazama bila kuandika.

Onyo kuhusu akili bandia: zana hizi zitakuandikia zoezi zima kwa sekunde tatu, na hutakuwa umejifunza kitu. Wiki za mwanzo zitumie kuuliza "kosa hili lina maana gani?" au "nielezee mstari wa tatu", na uzikataze kukupa msimbo. Ukishindwa kujizuia, zifunge mpaka kengele ilie.

6. Vunja programu yako makusudi

Sijui kwa nini hatua hii haifundishwi sana, kwa maana kwangu ndiyo iliyoondoa woga. Chukua programu inayofanya kazi, iharibu sehemu moja, iendeshe, soma kosa, irudishe. Jaribu na mchezo huu wa kukisia namba, utakapofikia wiki ya tatu:

```
import random

namba = random.randint(1, 20)
jibu = 0
while jibu != namba:
    jibu = int(input("Kisia: "))
    if jibu < namba:
        print("Panda juu")
    elif jibu > namba:
        print("Shuka chini")
print("Umepata!")
```

Ondoa nukta mbili baada ya `while jibu != namba`. Rudisha. Andika `pirnt` badala ya `print`. Python za karibuni zitakuuliza kama ulimaanisha `print`. Rudisha. Sogeza mstari wa mwisho uingie ndani kwa nafasi nne, halafu cheza: sasa inakwambia umepata kila unapojibu, hata ukikosea. Kosa hili ni la aina nyingine. Hakuna wekundu wowote, Python imeridhika, lakini programu inadanganya. Ukilikuta siku nyingine usiku wa manane utalitambua kwa sura.

Nafasi za mwanzo wa mstari katika Python si pambo. Ndizo zinazosema mstari huu ni mali ya nani. Tumia nafasi nne kila mara, na usichanganye nafasi na kitufe cha Tab ukihamia kwenye programu nyingine za kuandikia msimbo.

7. Acha kazi ikiwa na mwanzo wa kesho

Kengele ikilia, usimalize kila kitu. Andika juu ya faili mstari unaoanza na alama ya `#`, ambao Python huuruka bila kuusoma:

```
# KESHO: iongeze hesabu ya mara ngapi nimekisia
```

Kinachowashinda watu kesho yake si ugumu wa somo, ni kukaa mbele ya skrini bila kujua pa kushika. Mstari huu unakuondolea hilo. Kisha daftarini andika tarehe, ulichofanya kwa maneno yako, na kosa moja lililokusumbua. Mistari mitatu, usitunge insha.

8. Ramani ya siku 30

Siku 1 hadi 7: `print`, `input`, vibadilika, hesabu ndogo. Utaona unatambaa; ni sawa.

Siku 8 hadi 14: masharti, yaani `if`, `elif` na `else`. Tengeneza kitu kinachoamua jambo, kama kugawa alama za mtihani katika madaraja.

Siku 15 hadi 21: vitanzi, yaani mistari inayojirudia, `while` na `for`. Hapa ndipo wengi hudondoka, kwa hiyo ukihitaji siku kumi badala ya saba, chukua kumi. Ukichanganyikiwa, shika kalamu, chora jedwali lenye safu moja kwa kila kibadilika, uandike thamani zake mzunguko baada ya mzunguko kana kwamba wewe ndiye kompyuta. Daftari nililokuambia uwe nalo ni kwa ajili ya siku hii.

Siku 22 hadi 30: orodha, na kutengeneza vitendakazi vyako (vipande vya msimbo vyenye jina, unavyoviita kila unapovihitaji) kwa `def`. Maliza kwa programu moja yenye manufaa kwako mwenyewe: orodha ya wanaokudai na unaowadai, kikumbusho cha vitabu ulivyoazima, chochote. Isizidi mistari sitini.

9. Ukikosa siku

Utakosa. Mwaka 2009 Phillippa Lally na wenzake wa University College London walichapisha utafiti kuhusu watu 96 waliojaribu kujenga tabia moja ya kila siku kwa wiki 12. Makadirio ya muda wa tabia kukomaa yalikuwa kati ya siku 18 na 254, na katikati yake ni siku 66. Tena zile zilikuwa tabia kama kunywa maji au kukimbia kidogo, si kupambana na mabano. Kwa hiyo zile "siku 21" zinazotajwa kila mahali zisikufanye ujione umeshindwa. Waligundua pia kwamba kukosa mara moja hakukuharibu tabia iliyokuwa ikijengeka.

Sheria yangu ni fupi: siku ya kwanza kukosa, samehe, siku ya pili fungua folda hata kwa dakika tano, uandike upya programu ya siku ya kwanza. Usijaribu kulipa deni kwa kukaa dakika 50. Deni hilo halilipiki, na ukijaribu utaichukia kazi yenyewe.

Mambo yakikwama

*Inasema jina halitambuliki (NameError), na mimi naliona pale.* Angalia herufi kubwa na ndogo. `Jina` na `jina` kwa Python ni vitu viwili tofauti. Kwenye simu kibodi hupenda kugeuza `print` kuwa `Print` mwanzoni mwa mstari. Zima herufi kubwa za kujiandika zenyewe.

*Inalalamikia herufi isiyofaa (invalid character), lakini sioni kosa.* Umebandika msimbo kutoka Word au kwenye ujumbe wa simu, na alama za kunukuu zimegeuzwa kuwa zile zilizopinda. Zifute, uziandike upya ndani ya Thonny.

*Mchezo wa kukisia unasema random haina randint.* Naweka dau faili lako umeliita `random.py`. Python inalifungua hilo lako badala ya lile la kwake. Libadilishe jina.

*Programu haikomi, inamwaga maandishi tu.* Kitanzi chako hakina njia ya kutokea. Bonyeza kitufe chekundu cha kusimamisha, kisha jiulize: ni mstari gani ndani ya kitanzi unaobadilisha kile kinachokaguliwa na `while`? Kama haupo, umeshalipata kosa.

*Nilihifadhi kwa Notepad, faili halifunguki kama programu.* Huenda jina lake sasa ni `siku01.py.txt`. Washa kuonyesha viambishi vya majina ya faili kwenye Windows, uondoe hilo `.txt`.

*Nimekaa na kosa moja siku mbili.* Weka kikomo cha dakika 15 kwa kosa. Kikipita, eleza tatizo kwa sauti, mstari kwa mstari, kama unamweleza mtu asiyejua lolote. Mara nyingi utajikamata katikati ya sentensi. Ikishindikana, nakili mstari wa mwisho wa kosa uutafute mtandaoni. Na ukiomba msaada kwa mtu, mpelekee mambo matatu: msimbo wako, kosa lote kama lilivyo, na ulichotarajia kitokee. Ukiandika "haifanyi kazi, nisaidie" utasubiri sana.

*Naelewa nikisoma, nikianza kuandika sijui chochote.* Hiyo ni dalili kwamba unasoma zaidi ya unavyoandika. Acha masomo mapya kwa siku tano. Kila siku chukua programu moja ya zamani, ifute yote, uiandike upya kutoka kichwani.

*Siku 30 zimeisha, niende wapi?* Kaa na ile programu yako ndogo wiki mbili zaidi. Ifundishe kuhifadhi taarifa kwenye faili, ili ukiifunga na kuifungua usianze upya. Tafuta `open` na `with`. Utakutana na makosa ambayo hayamo hapa, na sasa unajua ni mstari upi wa kusoma kwanza.